Nimehamia Mwanza uso umeharibika kabisa. Ni maji ya ziwa, jua au kuna kitu kingine?

#1 Parachichi la Njombe
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja. Mimi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia Njombe. Ngozi haikuwahi kunisumbua zaidi ya midomo kupasuka kipindi cha baridi. Mwanzoni mwa mwaka nimehamishiwa Mwanza kikazi, nakaa Nyegezi. Tangu nifike uso si wangu tena. Kwenye paji la uso nimejaa vipele vidogo vidogo vinavyofanana, nikitoka jasho vinawasha. Mashavuni na kidevuni ni chunusi kubwa zinazouma, zikinywea zinaacha doa jeusi. Ofisini wananiambia ni maji ya ziwa, nitazoea. Nimeanza kunawa kwa maji ya chupa, kinachopungua ni hela tu, chunusi zipo palepale. Waliohamia Kanda ya Ziwa wakapitia haya, chanzo kilikuwa nini na mlitumia nini? Natanguliza shukrani.

#2 Mtoto wa Mwaloni
Mwangaluka. Maji ya ziwa msiyasingizie. Nimezaliwa Kirumba, nimeyaoga, nimeyanywa, nimeyaogelea mpaka kichocho nimetibiwa, lakini chunusi sizijui. Huyo anayenawa kwa maji ya chupa akija Igoma tutamchaji kama mtalii.

#3 Kigodoro
Nafuatilia. Na mimi uso wangu umekuwa barabara ya vumbi iliyonyeshewa.

#4 Mzee wa Capri Point
Binti, ni jua. Mwanza tuko karibu na mstari wa Ikweta, halafu tuna maji pembeni. Jua linakupiga kutoka juu, likigonga ziwa linakurudia kutoka chini. Njombe mmezoea ukungu, ngozi yenu laini, haina kinga. Vaa kofia pana, acha kutembea mchana, utanishukuru.

#5 Fundi Ramani
Mzee #4 heshima yako, ila hapo kuna marekebisho. Njombe iko juu sana, inakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwanza mjini ni kama mita 1,140 tu. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kadiri unavyopanda mlima, kwa hiyo huyu dada alikuwa anaipata hukohuko kwao, baridi tu ilimficha asihisi. Na maji yakiwa chini ya jua la utosini yanarudisha sehemu ndogo sana ya miale, mengi yanazama. Kilichobadilika kwake ni joto na jasho. Njombe alikuwa anatoka jasho akichimba viazi tu.

#6 Mzee wa Capri Point
Fundi, wewe kaa na mita zako. Wavuvi wa dagaa unawaona nyuso zao? Hizo ni mita?

#7 Fundi Ramani
Wavuvi wa dagaa wanavua usiku mzee wangu, kwa taa.

#8 Mtoto wa Mwaloni
😂😂😂 Mzee amekufa kwa kona. Ila asubuhi wanaanika hao, jua linawapata vilevile. Tumpe nusu.

#9 Mama Sato Choma
Mwanangu pole. Mimi nakaanga samaki hapo karibu na stendi, sufuria linachemka tangu saa nne asubuhi mpaka usiku. Ule mvuke wa mafuta unanipanda usoni, nikijifuta kwa kitambaa cheupe kinatoka cha njano. Mabinti wanaonisaidia wote wametoka chunusi, mimi mwenyewe sina. Kwa hiyo sisemi ni mafuta, nasema damu zinatofautiana. Ila punguza vya kukaanga kwanza, sato wa kuchemsha naye ni mtamu.

#10 Ngosha Mweupe
Mama #9 amegusa penyewe. Ni chakula. Amekuja huku kakuta samaki, ugali wa muhogo, karanga. Karanga ndiyo mwisho wa uso, hilo halina mjadala.

#11 Muuguzi wa Zamu
Lina mjadala, ngosha. Habari ya karanga na samaki tunaisikia miaka yote, ushahidi wake ni mdogo sana. Vyakula ambavyo tafiti zimevigusa zaidi ni vyenye sukari nyingi na vya wanga uliokobolewa, pamoja na maziwa, na hata hivyo si kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla hujamnyang'anya dada wa watu sato wake, muulize soda anakunywa ngapi.

Nirudi kwa mwenye uzi. Umeeleza vitu viwili na watu wanakujibu kama ni kimoja. Vipele vidogo vya saizi moja, vinavyowasha, vilivyokaa paji la uso, vinazidi ukitoka jasho: mara nyingi hao ni fangasi walioingia kwenye vinyweleo. Wanapenda joto, unyevu na mafuta. Ukivitibu kama chunusi kwa vidonge vya antibayotiki vinaweza hata kuongezeka, kwa sababu dawa inaua bakteria waliokuwa wanawabana fangasi. Zile kubwa za kidevuni zinazouma ndizo chunusi zenyewe: kinyweleo kimeziba, mafuta yamejaa ndani, bakteria wamezaliana, mwili umeleta uvimbe. Homoni zina mkono mkubwa hapo.

Naomba majibu: nywele umesuka au umeachia, na unapaka mafuta gani kichwani? Usoni unapaka nini, taja vyote? Unatumia uzazi wa mpango wa aina gani? Kuna ujauzito? Samahani kwa kukuuliza hadharani, ila hapa wote tumejificha nyuma ya majina.

#12 Kinyozi wa Mabatini
Wakati tunamsubiri dada, naombeni na sisi wanaume tuchomekee. Wateja wangu nusu wana vipele vya ndevu, wengine shingoni nyuma vimekuwa vigumu kama vishikizo. Wananilaumu mashine chafu. Mimi mashine napiga spiriti kila kichwa, mbele ya macho yao.

#13 Muuguzi wa Zamu
Kinyozi, spiriti ni nzuri kwa maambukizi, endelea nayo. Ila vipele vingi vya ndevu havitokani na uchafu. Nywele zetu zimejipinda. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali, ikiota inajikunja na kuichoma ngozi. Mwili unaona mgeni kaingia, unavimba. Dawa yake kubwa ni kuacha kunyoa kipara: acha kama milimita moja hivi, nyoa kufuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi. Vya kisogoni vilivyokuwa vigumu vionwe na daktari mapema, vikikomaa vinageuka makovu ya kuvimba.

#14 Kinyozi wa Mabatini
Shida wateja wenyewe wanataka "ing'ae". Ukimwachia milimita anasema hujamnyoa, halipi.

#15 Kigodoro
Unyolewe buku mbili halafu ubaki na ndevu? Hata mimi silipi.

#16 Parachichi la Njombe
Asanteni wote. Dada Muuguzi (au kaka?), majibu haya hapa. Nimesuka rasta, kichwani napaka mafuta ya nazi nachanganya na mafuta ya mgando, maana ngozi ya kichwa ilikuwa inakauka. Uzazi wa mpango ni sindano ya miezi mitatu, nimeanza nilipofika huku. Ujauzito hakuna. Usoni nanawa kwa sabuni ya kuogea ya kawaida, halafu kuna krimu alinipa dada wa saluni, anachanganya mwenyewe. Iko kwenye kikopo cheupe, haina maandishi, rangi kama maziwa ya kopo na inanukia manukato. Wiki za mwanzo uso uling'aa mpaka mama akaniuliza kwenye simu ya video kama nimeweka taa. Nikikaa siku mbili bila kupaka uso unakuwa mwekundu na unachoma, nikipaka unatulia. Kwa hiyo nadhani krimu yenyewe inanisaidia, tatizo liko kwingine.

#17 Mtoto wa Mwaloni
Uuuwi. Kikopo cheupe.

#18 Ngosha Mweupe
Kikopo hakina maandishi! Dada yangu, hata sumu ya panya ina maandishi.

#19 Muuguzi wa Zamu
(Ni kaka.) Dada, kitu kinachotuliza uso ukipaka na kuuwasha moto ukiacha, kwa maelezo hayo nakishuku kina steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, tena zile kali, mfano klobetasoli au betamethasoni. Ni dawa halali kabisa, zinatibu pumu ya ngozi na mengine, lakini usoni, kila siku, bila mtu wa kukusimamia, zinachuna ngozi inakuwa nyembamba, zinaleta chunusi zake zenyewe, na ukiacha ghafla uso unalipuka. Siwezi kuapa, kikopo sijakiona. Usikitupe. Kibebe uende nacho kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Bugando wapo, au anza hospitali ya Sekou Toure wakupe rufaa. Namna ya kukiacha mkapangie huko.

Kuhusu sindano: chunusi ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana. Si wote wanapata. Usiikatishe kienyeji ukaja kutuandikia uzi mwingine baada ya miezi tisa. Ongea na waliokuchoma, njia zipo nyingi.

Na mafuta ya nazi kichwani yanashuka kwenye paji la uso usiku kucha. Fangasi wanakushukuru.

#20 Nyarugusu Dhahabu
Mimi niko Geita, natoka kidogo nje ya mada lakini itarudi. Huku kwenye machimbo madogo tunakamatia dhahabu kwa zebaki. Unamimina kwenye mchanga uliosagwa, unakanda kwa mkono, dhahabu inajikusanya nayo, unaikamua kwenye kitambaa kinabaki kidonge cha rangi ya fedha. Halafu unakichoma, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Kila semina wanatuimbia tusiishike mikono mitupu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Sasa siku moja mtu wa semina hiyohiyo akatoa sabuni ya kung'arisha ngozi, akasema baadhi ya hizi zina zebaki ileile. Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia chini. Mimi nashika sumu ili nipate dhahabu, mwenzangu anajipaka bure.

#21 Fundi Ramani
Ni kweli mkuu. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana mtu anatakata. Na haiishii kwa anayepaka: inabaki kwenye taulo, shuka na mikono, mtoto ananyonya, anashikashika. Kwenye maboksi wanaiandika kwa majina ya kuzunguka, mercuric, calomel, mercurio. Ukiona onyo la kwamba krimu isigusane na dhahabu au fedha, jiulize kwa nini.

#22 Binti Makoroboi
Jamani mnatisha watu. Mimi nauza vipodozi na sichanganyi sumu. Wateja wenyewe ndio wanakuja na kauli ya "nataka ya kunitoa haraka". Ukimpa yenye maelezo kwamba aone matokeo baada ya miezi miwili, anaenda kwa jirani. Halafu si kila krimu ya kung'arisha ni mkorogo, kuna za vitamini C, kuna za asidi ya azelaiki, hizo ni salama. TFDA, wale wakaguzi wa dawa na vipodozi, wakipita dukani kwangu hawakuti kitu.

#23 Fundi Ramani
TFDA hawatakukuta kamwe dada, maana haipo. Tangu 2019 imekuwa TMDA na inashughulika na dawa na vifaa tiba. Vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango. Ila hoja yako ya wateja wa haraka naiunga mkono.

#24 Binti Makoroboi
TBS, TFDA, wote wanakuja na gari nyeupe.

#25 Bibi Harusi 2.0
Mnamchosha binti na mahospitali. Ndimu. Kata, paka uso mzima, kaa nusu saa juani ikauke, osha. Madoa yote yanaondoka. Chunusi iliyoiva weka dawa ya meno usiku. Na msinicheke, mkojo wa kwanza wa asubuhi ulimtibu dada yangu.

#26 Kigodoro
Mkojo wake au wa mtu mwingine? Tunahitaji vipimo kamili.

#27 Mwanahawa wa Ukerewe
#25 tafadhali futa hiyo ya ndimu na jua. Ndimu ikiwa kwenye ngozi ukaenda juani inaunguza, unatoka malengelenge, halafu yanabaki mabaka meusi ya miezi. Nilimwona jirani yangu, mistari ya maji ya ndimu yalikochirizika ilibaki shingoni kama alichorwa. Dawa ya meno nayo inakausha kipele ndiyo, pamoja na ngozi nzima iliyokizunguka, na doa linakuwa kubwa kuliko chunusi yenyewe.

Mimi nina ualbino, kwa hiyo suala la jua silisomi, naliishi. Mnaosema jua halihusiki na mnaosema jua ndilo kila kitu mnapishana tu. Kwa ngozi nyeusi jua halileti chunusi, lakini doa lililoachwa na chunusi likipigwa jua linakolea na kukaa muda mrefu. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua yatamsaidia kwenye madoa. Sisi wengi tunatumia Kilisun, yanatengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili yetu watu wenye ualbino, kwa hiyo msiyamezee mate. Nyie nunueni famasi yenye SPF 30 kwenda juu, na mpake ya kutosha. Hayo ya kidogo puani ni mapambo.

#28 Mzee wa Capri Point
Nilisema mimi. Jua.

#29 Fundi Ramani
Mzee kasome tena.

#30 Dada Mkubwa Buhongwa
Nyote mmesahau jambo moja. Binti wa miaka 26, mji mgeni, kazi mpya, analala peke yake, bosi hajulikani tabia. Mawazo tu yanatosha. Mimi mtihani ukikaribia pale chuoni SAUT nilikuwa natoka chunusi mgongoni mpaka siwezi kulala chali, matokeo yakitoka zinapotea. Mdogo wangu, una marafiki huku? Na foronya unafua mara ngapi?

#31 Muuguzi wa Zamu
Mawazo yanaweza kuzichochea, sikatai. Wanaosoma kimyakimya wenye chunusi za kawaida, bila mkorogo, njia ya kuanzia si ghali. Nawa asubuhi na usiku kwa sabuni laini, bila dodoki wala skrabu. Famasi uliza jeli ya benzoili peroksaidi, anza na asilimia 2.5 au 5, usikimbilie 10. Inapausha foronya na taulo, tumia nyeupe. Adapaleni ya usiku nayo ni nzuri, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, isipokuwa mjamzito au anayetafuta mtoto aache. Wiki za mwanzo uso unaweza kukauka na kubanduka. Wengi huona mabadiliko kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, na wengi zaidi huacha wiki ya tatu. Vipele vya fangasi vya paji la uso ni shampuu ya ketokonazoli, unaacha dakika chache unaosha. Na mikono iache kutumbua.

#32 Ngosha Mweupe
Wiki kumi na mbili? Hapo mahindi yameshachanua.

#33 Parachichi la Njombe
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Nilienda kwa daktari wa ngozi na kikopo changu. Alikifungua, akanusa, akaniangalia, akauliza "wa saluni?" Inaonekana anavijua. Krimu nimeachishwa kwa utaratibu aliouandika, nimepewa dawa ya paji la uso na jeli ya usiku. Rasta nimefumua, mafuta ya nazi nimeacha. Sindano haijaisha muda, akasema tuione kwanza. Katikati ya hayo nikapata likizo nikaenda nyumbani Njombe. Huko vipele vya paji la uso vikaisha kabisa na mashavu yakatulia. Nimerudi Mwanza wiki iliyopita, kidevuni zimeanza tena mbili tatu, paji la uso bado safi. Sasa sijui kilichoniponya ni nini.

#34 Mtoto wa Mwaloni
Daktari kakutibu, Njombe inachukua sifa. Kama siasa.

#35 Fundi Ramani
Joto! Umeenda kwenye baridi jasho likaisha, fangasi wakafa njaa. Umerudi, zimeanza.

#36 Muuguzi wa Zamu
Zilizoanza ni za kidevuni, Fundi, za fangasi zilikuwa juu. Mimi naangalia sindano. Ila ngozi nayo inaweza kuwa bado haijapona madhara ya steroidi, inaweza kuchukua miezi.

#37 Dada Mkubwa Buhongwa
Kaenda kwa mama yake kalala, kala, hajamwona bosi. Mnatafuta nini kingine?

#38 Ngosha Mweupe
Na karanga Njombe hakuna. Nasema tu.

#39 Mama Sato Choma
Basi kidevu usikishike mwanangu. Ukipita stendi nikuwekee wa kuchemsha, nauli ya maneno usilete.

#40 Mgeni Jukwaani
Samahani kwa kudandia uzi. Mume wangu ametoka duara shavuni, pembeni limeinuka, katikati kama limepona, linawasha. Amepaka ile krimu ya mchanganyiko ya famasi ya bei rahisi, duara likafifia, sasa limerudi kubwa mara mbili na halina umbo. Kinyozi wake anasema ni mba. Yuko Kamanga, huku Sengerema.

#41 Kinyozi wa Mabatini
Si mimi, mimi sina wateja wa Kamanga.

#42 Muuguzi wa Zamu
Dada #40, hiyo inafanana na choa, na krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi ndani, zinalificha huku linatambaa. Aache kupaka, aende kituo cha afya wampe dawa ya fangasi pekee. Una ng'ombe au paka nyumbani? Na watoto vichwani wana mapunye?

#43 Mgeni Jukwaani
Paka yupo, ananyonyoka manyoya masikioni. Na mdogo wetu ana mapunye, tulidhani ni ya shuleni.